Mwaka Nyuki Alipokwama Ndani ya Kamera

Mwaka jana, ufuta ulipokwisha kuingia maghalani, watu waliomaliza darasa la saba pamoja pale Nambilanje walikutana Ruangwa mjini, wakaniita na mimi. Sikusoma nao. Wakati wao wakivaa kaptula na sare za shule mimi nilikuwa fundi cherehani wa miaka kumi na tisa, niliyeishi Nachingwea. Sasa wana mvi na wajukuu, na mmoja wao, Selemani, ana duka la pembejeo. Tulikula pilau chini ya turubai, kisha Selemani akasimama na kusimulia habari za picha yao ya darasa. Alisema kamera ya Mzee Damiani, mpigapicha wa Nachingwea, ilikuwa imekufa kabisa, ikapelekwa Dar es Salaam, fundi mmoja wa Kariakoo akaitengeneza, ikarudi siku moja kabla ya picha. Watu wakapiga makofi. Mimi sikumkatiza. Siku ilikuwa yao, na pilau lilikuwa tamu. Lakini niliporudi nyumbani nilinunua daftari kubwa, nikakaa mezani. Ninaandika polepole. Elimu yangu ni ya darasa la saba na mkono wangu umezoea mkasi kuliko kalamu, hivyo ukurasa mmoja unanimalizia asubuhi nzima. Sina haraka. Kamera ile haikufika Dar es Salaam. Kwenda kutengenezwa haikuvuka hata barabara. Habari za wazazi wangu na za utoto wangu kule Marambo nitaziacha, maana hazina jambo jipya. Nitaandika mwaka mmoja tu, mwanzoni mwa miaka ya themanini, mwaka niliokaa katika baraza la Mzee Damiani.

Nyumba ilikuwa ya kupanga, ya vyumba vitatu, karibu na soko. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa studio. Kilikuwa na dirisha moja kubwa, kigoda, na pazia lililochorwa ngazi za ghorofa ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuipanda. Chumba cha pili walilala Mzee Damiani na mkewe, Mama Rosa. Cha tatu kilikuwa stoo, dirisha limezibwa kwa mabati na magunia, na humo ndimo mzee alimosafishia picha. Mimi nilipewa baraza. Cherehani yangu niliiweka chini ya dirisha la studio, hivyo kila lililosemwa ndani nililisikia kana kwamba nimo. Hilo lilinifaa, kwa sababu nilikuwa msikilizaji. Sikuwa msemaji. Nilikuwa na aibu ya kiasi ambacho leo hata watoto wangu hawaamini. Mteja akija alinionyesha kitambaa, akanionyesha kwa kidole urefu anaoutaka, mimi nikaitikia kwa kichwa. Mama Rosa ndiye aliyenitajia bei. Mchana alinipakulia ugali wa muhogo na kisamvu kwenye sahani ya bati, nikala nikiwa nimegeukia ukuta, naye alizoea hivyo, hakuniuliza kitu.

Mzee Damiani alikuwa na tatizo ambalo mpigapicha hapaswi kuwa nalo: mikono yake ilitetemeka. Ilianza alipougua homa kali miaka mingi kabla sijamfahamu, haikupona tena. Chai alinywa kwa kikombe kilichojaa nusu. Umeme katika studio haukuwapo, mwanga ulikuwa wa dirisha tu, na kwa mwanga mdogo namna ile kile kimlango cha kamera kinachopitisha mwanga lazima kikae wazi kwa muda. Mkono ukitetemeka kidogo tu, picha inakuwa ukungu. Wengine wangeacha kazi. Yeye aligundua kwamba kamera yake ina kijisaa ndani, kile kilichowekwa ili mtu ajipige picha mwenyewe. Unavuta kijiti kilicho ubavuni mwa lenzi, unabonyeza, kijisaa kinalia zzzz kama sekunde kumi, halafu kamera inajipiga bila mkono wa mtu. Basi Mzee Damiani alipiga picha zake zote hivyo. Aliiweka kamera juu ya stendi, alimkalisha mteja, alivuta kijiti, alibonyeza, kisha alirudi nyuma hatua mbili na kuifunga mikono yake mgongoni. Mlio ule alikuwa akiuita nyuki. "Nyuki ameingia," alisema, "usipumue mpaka atoke." Mji mzima ulizoea. Watu hawakusema wanakwenda studio, walisema wanakwenda kwa Nyuki. Nilipokuwa nikishona nilizisikia pumzi za watu zikizuiwa ndani, kisha tak!, kisha pumzi zote zinatoka kwa pamoja na mtu anaanza kucheka.

Ulikuwa mwaka wa uhaba. Sabuni ilipatikana kwa foleni, sukari kwa bahati, na mafuta ya cherehani hayakupatikana kabisa. Sisi mafundi tukatumia tulichokuwa nacho, na huku kwetu kitu ambacho hakikosekani ni ufuta. Nilikamua mafuta kidogo nyumbani, nikayajaza katika kile kikopo chenye mdomo mrefu kilichokuwa cha mafuta ya cherehani, na cherehani ikakimbia vizuri. Siku moja ya mwezi wa tano Mzee Damiani akatoa kichwa dirishani. Mkononi alikuwa na unyoya wa kuku.

"Fundi, hebu nidondoshee hapa mafuta yako ya cherehani. Tone moja tu. Nyuki anakoroma."

Nilitakiwa kusema, mzee, haya ni ya ufuta. Ni maneno machache, mtoto anaweza kuyasema. Lakini yeye alikuwa mzee, ameniomba kitu mara ya kwanza, na kikopo kilikuwa tayari mkononi mwangu. Nikachukua unyoya, nikaudondoshea tone, nikarudi kwenye mshono wangu. Jioni ile nyuki alilia vizuri kuliko siku zote, na mzee akapiga hodi ukutani kwa furaha. "Mafuta yako mazuri, fundi!" Nikaendelea kushona.

Mwezi wa sita nilikwenda Marambo kusaidia kuvuna, nikakaa wiki sita. Niliporudi niliikuta cherehani imegoma. Gurudumu halizunguki. Nilipofungua mfuniko niliona kila mahali nilipotia mafuta pamegeuka rangi ya kahawia, na nilipogusa kwa sindano, sindano ilinata kama imeingia kwenye ulimbo wa kunasia ndege. Ndipo nilipoelewa tabia ya yale mafuta. Ukikanyaga cherehani kila siku hayapati nafasi ya kuganda, ila yakikaa tu na vumbi na joto yanakuwa gundi. Nilihangaika siku mbili na mafuta ya taa na kitambaa mpaka gurudumu likazunguka tena. Lakini wakati wote ule sikuwa ninaifikiria cherehani. Nilikuwa nimetega sikio dirishani, ninahesabu. Zamani nyuki alitoka nikifika kumi. Siku ile nilihesabu kumi na nne. Wiki iliyofuata, kumi na tisa. Mteja mmoja alishindwa kuzuia pumzi, akakohoa katikati ya picha.

Mwezi wa nane wote nilisikiliza kosa langu likikua nyuma ya ukuta, na sikusema. Mzee alianza kumwogopa nyuki, akabonyeza kamera kwa mkono wake mwenyewe, na picha zikawa vile nilivyojua zitakuwa. Mwanamume mmoja aliyeleta mke na mtoto alirudi na picha yake, akasimama mlangoni.

"Mzee, huyu ni mke wangu au ni moshi?"

"Mkeo alitikisika."

"Yeye katikisika, mtoto katikisika, mpaka ngazi za pazia nazo zimetikisika?"

Watu waliokuwa barazani walicheka. Mimi nilikanyaga cherehani kwa nguvu nisisikie. Mwisho mzee alijaribu kumlazimisha nyuki. Alivuta kijiti hadi mwisho akabonyeza, kikaenda nusu na kukwama pale pale, na tangu hapo kamera haikupiga tena, si kwa nyuki wala kwa mkono. Kimlango chake kilijifunga kama mdomo wa mtu aliyesusa.

Katika siku hizo ndipo alipokuja Mwalimu Koku. Wakati ule Ruangwa ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Nachingwea, na walimu wa huko walikuja kwetu kufuata mishahara. Mwalimu Koku, wa shule ya Nambilanje, alikuwa ametoka Bukoba, mwanamke mrefu mwenye sauti kama kengele ya shule. Alikuwa amelifundisha darasa moja tangu la kwanza mpaka la saba, na sasa lilikuwa linamaliza. "Wanafunzi arobaini na watatu," alimwambia mzee, nikisikia kila neno. "Nilianza nao hawajui kushika chaki. Nataka picha moja, wote ndani, na kila uso uonekane. Kila uso, mzee. Nimeshaona zile picha zako za siku hizi." Mzee akamwambia itakuwa tayari. Wakapatana Jumamosi ya wiki iliyofuata.

Mchana ule walikula wenyewe ndani, na mimi nje na sahani yangu. Kisamvu kilikuwa na nazi, jambo lisilo la kawaida mwaka ule, lakini sikukisikia utamu.

"Kwa nini umemkubalia?" Mama Rosa aliuliza.

"Ningesemaje?"

"Sema kweli. Kamera imekufa."

"Nikisema imekufa, imekufa kazi. Basi nitamwambia hivyo wiki ijayo. Halafu turudi Nandagala. Shamba lipo."

"Na binti wa barazani?"

"Nyumba si yangu, Mama Rosa. Mpangaji atakayekuja ndiye mwenye baraza."

Niliiweka sahani chini. Mzee alikuwa anaipoteza kazi ya maisha yake kwa tone moja la mafuta, na tone hilo nililitia mimi. Leo nikikumbuka naona kwamba nilikuwa na njia mbili, kusema au kutengeneza, na kwa mtu kama mimi kutengeneza kulikuwa rahisi zaidi. Hata hivyo ili nitengeneze ilinibidi kwanza nifungue mdomo. Niliingia ndani bila kubisha hodi. Wote wawili walikuwa na tonge mkononi.

"Mzee," nilisema, "nipe mimi."

"Nikupe nini?"

"Kamera."

Alinitazama kama aliyeona kigoda kimesema. "Hii si cherehani, binti."

"Mpe," alisema Mama Rosa. "Cherehani yake ilikufa, akaifufua mwenyewe. Wewe kuna cha kufufua unachokijua?"

Mzee alitafuna, akameza, akanawa. "Nitakaa pale pale nikitazama," alisema. "Ukivunja, utanivunjia mbele ya macho yangu."

Sikujua kamera, lakini nilijua kufumua nguo ya mtu na kuirudisha kama ilivyokuwa. Ukifumua koti la suti bila utaratibu hulirudishi tena. Basi nilitandika karatasi ya kukatia ruwaza za nguo juu ya meza ya studio, nikachukua chaki yangu, nikachora kamera kwa ukubwa kama ilivyo, na kila skurubu niliyoitoa niliiweka pale pale penye mchoro wake, nikaandika namba pembeni. Bisibisi ilikuwa ile ndogo ya cherehani. Mzee alikaa kwenye kigoda cha wateja, mikono imefungwa mgongoni, anatazama. Nilitoa pete ya mbele, nikatoa kioo, nikatoa bamba jembamba, na chini yake nikamwona nyuki. Vilikuwa vigurudumu vitano vyenye meno, kimoja kidogo kuliko mbegu ya ufuta, na springi moja nyembamba kama unywele. Vyote vilikuwa vimefunikwa na ulimbo wa kahawia ule ule. Mzee aliinama, akatazama pia, akavuta pumzi kwa pua, akarudi kwenye kigoda.

Siku ya kwanza nilitumia mafuta ya taa peke yake, kwa ncha ya sindano na uzi uliochanuliwa. Ulimbo ulilainika. Nilivuta kijiti na nyuki akalia, zzzz, mpaka mwisho, na Mama Rosa akapiga kigelegele jikoni. Nilipomvuta mara ya pili alikwama. Mafuta ya taa yalikuwa yameuyeyusha ulimbo na kuutandaza tu, kama anayepiga deki kwa maji machafu. Nilihitaji kitu cha kuuosha na kisha kikauke chenyewe. Petroli haikuwapo, magari yenyewe yalilala. Spiriti ya hospitali walikuwa wanahesabu matone kwa ajili ya wagonjwa. Kilichobaki nilikijua, na nilijua pia kitanigharimu jina langu. Ulikuwa msimu wa mabibo, matunda ya mikorosho, na Mama Zena, nyuma ya soko, alikuwa anapika nipa, ile pombe kali inayokatazwa. Nilikwenda saa nne asubuhi, watu wote wananiona, mimi binti wa kwaya ya kanisani.

"Fundi!" alisema Mama Zena. "Leo umekuja kushona au kushonwa?"

"Naomba nipa. Ile ya kwanza kutoka. Inayoshika moto."

"Toba! Unaanzia huko? Wenzako wanaanza na ya mwisho."

"Si ya kunywa, mama. Ni ya kuoshea kamera."

Walicheka mpaka mwanamume mmoja akamwaga kikombe chake. "Ya kuoshea kamera! Mimi nami ninaoshea ini!" Kufikia mchana Nachingwea yote ilijua kwamba yule binti asiyesema ameanza kunywa, na ndiyo maana hasemi. Mama Zena hata hivyo alinipa iliyo nzuri. Alimimina kidogo kwenye kijiko, akakiwasha, na moto ukawa wa buluu bila moshi. "Sasa kaoshe," alisema. "Kamera ikilewa usiniletee."

Safari hii sikuogopa. Nilitoa vigurudumu vyote vitano, kimoja kimoja, nikavilaza kwenye karatasi. Nilipokuwa ninatoa cha mwisho, springi iliruka. Nilisikia ting, nikaona kitu kinang'aa hewani, kisha hakuna. Mzee alisimama. Mimi nilisema, "Usikanyage," kwa sauti niliyokuwa siijui, na mzee akabaki ameinua mguu mmoja kama korongo. Tulitafuta kwa muda ambao sikuupima. Nilifagia sakafu yote kwa unyoya. Mwisho Mama Rosa aliniambia nisimame wima nisitikisike, akapitisha vidole kwenye pindo la gauni langu, akaipata imenasa katika uzi ulioachia, gauni la fundi ambaye hajawahi kupata muda wa kujishonea lake. Nikaviosha vyote kwa nipa, studio ikanuka kama kilabu cha pombe, nikavikausha kwa joto la pasi ya mkaa niliyoishika juu yavyo bila kuvigusa. Nikafuata namba zangu za chaki kutoka mwisho kwenda mwanzo. Siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, skurubu ya kwanza niliyoitoa ikawa ya mwisho kurudi.

Nilivuta kijiti. Nyuki akalia. Nilihesabu kimoyomoyo na kwenye kumi, tak! Nikavuta tena. Kumi, tak! Nilivuta mara ishirini, na kila mara kumi. Nje mwendesha baiskeli alisimama akapiga kelele, "Kwa Nyuki kumefunguliwa!" Mzee Damiani alikaa akisikiliza akiwa amefumba macho, kisha akanyoosha mkono wake unaotetemeka kuelekea kikopo changu dirishani.

"Sasa tone la mafuta," alisema.

"Hapana," nilisema.

Sikuwahi kumwambia mtu mzima hapana. Alinitazama, nami nikatazama sakafu. "Akae mkavu," nikaongeza. "Mkavu ndivyo atakavyodumu." Mzee akaurudisha mkono wake mgongoni. "Haya," alisema. "Fundi ni wewe."

Jumamosi tulipanda lori la korosho, mzee mbele na dereva, mimi nyuma juu ya magunia, nimeikumbatia kamera ndani ya mto. Filamu ilikuwa adimu kuliko sukari, na kipande tulichokitia katika kamera kilitosha picha tatu tu. Nambilanje wazazi walikuwa wamejaa uwanjani, mama wengine wamevaa kanga mpya, na Mwalimu Koku alikuwa amepanga darasa lake katika mistari minne juu ya madawati. Mzee alisimamisha stendi yake, akatazama, akasema maneno yake kuhusu nyuki na pumzi. Akabonyeza, akarudi nyuma hatua mbili. Wanafunzi wakajaza vifua. Lakini kijisaa kile kina tabia moja: kikimaliza kulia kinanyamaza kidogo, kisha ndipo kinapiga. Wateja wa Nachingwea walijua. Watoto wa Nambilanje hawakujua. Mlio ulipokatika wote arobaini na watatu waliachia pumzi, wakageukiana, wakacheka, na tak!, kamera ikapiga katikati ya mvurugano ule. Mara ya pili ikawa hivyo hivyo, na mmoja akaruka kabisa kutoka kwenye dawati. Ikabaki picha moja. Jasho lilikuwa linamtiririka mzee masikioni. Mwalimu Koku alitazama kamera, akatutazama sisi, na sikupenda alivyotutazama.

"Wanahitaji alama," mzee aliniambia chini chini. "Kitu cha kutazama mpaka iishe. Wewe unajua hesabu yake kuliko mimi. Nenda kasimame pale."

Pale palikuwa kando ya kamera, mbele ya watoto arobaini na watatu, walimu, wazazi na kijiji kizima. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa nimeyakimbia macho ya watu, na sasa nilitakiwa kuyaita yote yaje kwangu kwa wakati mmoja. Nilikwenda. Sikumbuki miguu yangu ilivyokwenda, ninakumbuka tu vumbi lilivyokuwa na joto. Niliinua mkono wa kulia juu kabisa. "Nitazameni mimi!" nilisema. Sauti ilitoka ndogo. Nikasema tena, kwa nguvu, mpaka mbuzi waliokuwa kando ya uwanja wakainua vichwa. "Mkono huu ukiwa juu, hakuna kupumua, hakuna kucheka, hata mlio ukikatika. Mpaka niushushe. Mmenisikia?"

"Ndiyooo!"

Mzee akabonyeza. Zzzz. Nilihesabu. Mlio ukakatika, na hakuna mtoto hata mmoja aliyetikisika. Walikuwa wamenikazia macho kana kwamba nimeshikilia mbingu isianguke. Tak! Nikashusha mkono, na uwanja mzima, wazazi pamoja, ukatoa pumzi.

Picha haijawa picha mpaka isafishwe. Jumatatu Mwalimu Koku alikuja Nachingwea mwenyewe, na walimu wenzake wawili, akakaa barazani kwenye kiti changu na kusema haondoki bila kuiona. Mzee aliniita stooni, kwa sababu mkono wake haukuweza kushika karatasi kwenye beseni bila kumwaga dawa. Tulifunga mlango. Mlikuwa na taa ya chemli moja iliyofunikwa kitambaa chekundu, na uso wa mzee sikuuona, niliona mabega tu. Labda ndiyo sababu niliweza.

"Mzee."

"Mm."

"Yale mafuta niliyokupa mwezi wa tano hayakuwa ya cherehani. Yalikuwa ya ufuta. Ndiyo yaliyomgandisha nyuki. Nililijua hilo tangu mwezi wa saba, nikanyamaza."

Nilisikia dawa ikigonga kingo za beseni. "Nilijua," alisema.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile. Kamera nzima ilinukia kama kashata za ufuta."

"Mbona ukatia?"

"Ulinipa wewe, na cherehani yako ilikuwa inakimbia kuliko zote hapa mjini. Nikasema pengine pua yangu imezeeka. Niliona aibu kukuuliza." Alicheka kidogo, kicheko cha puani. "Tuliiharibu kamera sote wawili, binti, kwa kuoneana aibu. Ila uliponikataza kutia tone lingine, nikajua umekwisha kuniambia. Nilikuwa nasubiri uyaseme kwa mdomo wako. Tazama."

Kwenye karatasi vitu vyeusi vilikuwa vinajitokeza, kwanza nywele, kisha kaptula, kisha macho. Nyuso zikafuata, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Niliziinamia. Niliweza kuhesabu vifungo vya mashati. Mtoto mmoja alikuwa na kovu juu ya nyusi, na kovu lilionekana. Mzee aliinama pia, akakunja uso.

"Mbona hawatazami kamera?" alisema. "Wote hawa wanatazama wapi?"

Nilijua wanatazama wapi. Wanafunzi arobaini na watatu, kila jicho limeelekea mahali pamoja, kando kidogo ya lenzi na juu kidogo. Walikuwa wananitazama mimi. Nilisubiri ile hamu yangu ya kujificha ije, kama ilivyokuja siku zote. Haikuja.

"Mwalimu anasubiri," mzee alisema, akaining'iniza karatasi kwenye kibanio na kunipa. "Nenda wewe."

Nilitoka juani na picha inadondosha maji. Barazani alikuwapo Mwalimu Koku na walimu wenzake wawili, mama mmoja aliyekuja kuchukua gauni lake, na watu watatu wanne waliosimama kusikiliza, kama watu wanavyosimama. Mwalimu aliishika picha kwa ncha za vidole. Alihesabu kwa kidole bila kuigusa, midomo ikitaja majina, na alipofika kwenye jina la mwisho macho yake yalikuwa yamejaa.

"Kila uso," alisema. Kisha akaangalia mlango wa studio. "Mzee alipata wapi fundi wa kamera katika mji huu?"

"Ni mimi," nilisema. "Niliyeitengeneza ni mimi. Na niliyeiharibu pia ni mimi."

Wakaangua kicheko, na mama wa gauni akasogeza ndoo akaikalia. "Hebu anza mwanzo," alisema Mwalimu Koku. Nikaanza mwanzo. Niliwaeleza yote nikiwa nimesimama, tangu tone la ufuta mpaka nipa ya Mama Zena, na hakuna aliyeniomba niongeze sauti.